Nani alifungua koki ya mtungi wako?

Mashua imesimama nje kidogo ya mwamba wa Mnemba, injini inaunguruma polepole. Wageni sita waliokuja kuzamia wamekaa ukingoni, mapezi miguuni, mitungi ya hewa mgongoni. Baharia anapita nyuma yao mmoja mmoja, anashika koki ya kila mtungi, anaizungusha kidogo, anampiga mgeni begani: "Tayari!" Mgeni wa mwisho anavuta pumzi mbili huku akitazama geji. Sindano iko kwenye baa 200, kipimo cha presha: mtungi umejaa. Akivuta, inaanguka hadi 150. Akiacha, inapanda tena taratibu. Ameiona. Anageuka kumtafuta mwongozaji, lakini mwongozaji yuko majini tayari, anawaita washuke. Mgeni anaibana maski kwa kiganja na kujirusha.

Koki ile imebaki kidogo sana kufungwa.

Sielezi mashua moja wala siku moja. Waliofanya kazi hii wameiona sindano hiyo ikicheza, iwe Nungwi, Watamu au Bahari ya Shamu. Kinachonisumbua wiki hizi ni kwamba watu watatu walikuwa na uwezo wa kuizuia mbizi ile, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kudhani mwenzake ameshaangalia. Baharia alijua kuna mwongozaji. Mwongozaji alijua mgeni ana cheti. Mgeni alijua amelipia wanaojua kazi.

Huyo mgeni akikosa hewa mita 25 chini, tumwulize nani?

Robo mzunguko

Kwanza kifaa chenyewe, maana watu wengi wanabishana kuhusu lawama bila kujua kilichoharibika.

Zamani wazamiaji walifundishwa kufungua koki hadi mwisho kisha kuirudisha robo mzunguko, isije ikakwama. Mazoea hayo yamebaki mikononi mwa wengi. Hatari yake ni kwamba anayechanganya upande huifunga koki kabisa kisha huifungua hiyo robo, na kwa mguso wa mkono hali zote mbili zinafanana. Juu ya maji hewa inapita. Pumzi ya lita moja na nusu ni kitu kidogo, ule mwanya unaitosheleza. Lakini presha huongezeka baa moja kwa kila mita 10. Ukifika mita 30 umezungukwa na baa 4, na pumzi ileile inabeba hewa mara nne ya ile ya juu. Mwanya hautoshi tena. Mdomoni kunakuwa kugumu, kisha hakuna kitu, na geji unayoitazama inasema mtungi umejaa.

Hapo ndipo mtu huchanganyikiwa. Anaamini namba, anavuta kwa nguvu zaidi, na sekunde ambazo angezitumia kumfuata mwenzake zinapotea.

Kipimo chake hakichukui hata dakika. Fungua koki hadi mwisho, usiirudishe. Vuta pumzi nne nzito, mfululizo, macho kwenye geji. Sindano isitikisike hata kidogo. Fanya hivyo ukiwa umeshavaa, tayari kuruka, kwa sababu koki iliyokuwa wazi saa moja iliyopita inaweza kuwa imefungwa na mtu mwenye nia njema wakati wa kubadilisha mitungi. Na mtu yeyote akiigusa koki yako baada ya hapo, hata mwongozaji mwenyewe, rudia zile pumzi nne.

Hili nalo liingie kwenye utaratibu wa kituo cha mbizi: baharia asiguse koki ya mgeni kimyakimya. Aseme "nagusa koki yako," aguse, kisha asubiri mgeni avute. Wachunguzi wa ajali nao huanzia hapohapo. Mtu anayefunga mtungi wa aliyepata ajali anatakiwa ahesabu mizunguko hadi koki ifunge, aandike. Bila hesabu hiyo hakuna atakayejua tena ilikuwa wazi kiasi gani.

Karatasi ya ofisini

Kabla ya mashua kuna meza, na juu ya meza kuna fomu. Mgeni anaweka sahihi kwamba mbizi ni hatari, kwamba ameelewa, kwamba hatadai chochote. Kwa muda mrefu nilidhani karatasi hiyo ndiyo kiini cha suala la uwajibikaji. Sidhani hivyo tena.

Uzito wa karatasi unategemea nchi uliyosimama. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inasema biashara haiwezi kujivua kwa mkataba lawama ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Kalifornia ni kinyume: mahakama huziheshimu sana fomu hizo, ila hazimkingi mtu kwa uzembe uliokithiri, kama Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ilivyoamua mwaka 2007. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na fidia akiumizwa na kasoro ya huduma. Sahihi ileile ya wino, maana tatu.

Na popote pale, karatasi inaanza kufanya kazi baada ya mtu kuumia.

Fomu ninayoijali zaidi ni ile ya pili, ya afya. Inauliza kuhusu pumu, moyo, kifafa, kupoteza fahamu, upasuaji wa kifua, dawa unazotumia. Jibu moja la "ndiyo" mara nyingi linamaanisha barua ya daktari kabla ya kuingia majini, na daktari yuko mjini, na likizo ni siku tano. Basi mgeni anajaza "hapana" kutoka juu hadi chini. Wakati mwingine mtu wa mezani ndiye anayemnong'oneza ajaze hivyo, mambo yasichelewe.

Hapa sina shaka yoyote. Mgeni anayeficha pumu anamnyima mwongozaji habari ambayo hana njia nyingine ya kuipata. Hakuna utaalamu wa macho unaoona mapafu ya mtu. Mapafu yenye sehemu isiyotoa hewa vizuri yanaweza kupasuka wakati wa kupanda, hata kutoka mita chache tu, kwa sababu hewa iliyofungika inatanuka kadiri presha inavyopungua. Naye anayemwelekeza mgeni adanganye ameshiriki kikamilifu. Makosa ya wawili hawa hayapunguzani.

Binti wa Montana

Tarehe 1 Novemba 2020, katika ziwa McDonald, jimbo la Montana, Marekani, binti wa miaka 18 aliingia majini akiwa kwenye mafunzo. Maji yalikuwa ya baridi kali, kwa hiyo alivaa suti kavu, ile isiyoingiza maji na ambayo ndani yake mnabaki hewa. Suti ya namna hiyo lazima iunganishwe kwa bomba dogo na mtungi. Ukishuka, presha inaibana hewa iliyo ndani, suti inakukaza mwilini na unazidi kuwa mzito. Kwa lile bomba unaongeza hewa kidogo kidogo na mambo yanatulia. Regyuleta aliyokuwa nayo, yaani kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni, haikuwa na bomba linaloingia kwenye suti yake. Juu ya hapo alikuwa amebebeshwa ratili 44 za vizito vya risasi, karibu kilo 20, nyingi zikiwa kwenye mifuko isiyoweza kuachiwa kwa kuvuta mara moja.

Alishuka, suti ikambana, akawa mzito kuliko jaketi lake la kuelea, lile linalojazwa hewa, lilivyoweza kumwinua. Mwenzake alijaribu kumsaidia akashindwa. Alifariki.

Kisa hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo. Kabla ya kukisoma nilikuwa upande wa wanaosema kila mzamiaji ajibebe mwenyewe, akague vifaa vyake, akatae asichokiridhia. Bado naamini kukagua. Lakini angekagua nini? Ili ujue kwamba bomba limekosekana, lazima kwanza ujue kwamba bomba lipo duniani. Hakuwahi kufundishwa suti ile. Alimtegemea mwalimu.

Wajibu unafuata maarifa. Ndivyo ninavyouona sasa. Anayezama kwa mara ya kwanza kabisa, ile mbizi ya majaribio isiyovuka mita 12, anawiwa vitu viwili: kusema kweli kuhusu afya yake na kutozuia pumzi. Mengine yote ni ya aliyemshika mkono. Mwenye cheti cha awali, cha mita 18, tayari anawiwa hewa yake, kina chake na mwenzake. Mwenye mbizi mia kadhaa anawiwa karibu kila kitu kinachomhusu yeye binafsi. Viwango vya kimataifa vya ISO 24801 vimefuata mantiki hiyohiyo: ngazi ya kwanza ni mzamiaji wa kusimamiwa, ya pili mzamiaji anayejitegemea, ya tatu kiongozi wa mbizi.

Tatizo ni kwamba kadi haisemi maarifa yamebaki kiasi gani. Kadi nyingi haziishi muda. Mtu alisoma miaka sita iliyopita kwenye bwawa la hoteli, hajagusa maji tangu hapo, na kadi yake inang'aa kama ya jana. Mwongozaji anayetazama kadi na kurudisha hajauliza chochote. Maswali yenyewe ni matatu: mara ya mwisho kuzama lini, wapi, na kwa uzito gani. Likizidi jibu la kwanza mwaka, waende kwanza mita 5 kwenye mchanga: atoe maski na kuirudisha, aitoe regyuleta mdomoni na kuitafuta, aelee bila kugusa chini.

Uzito nao upimwe palepale. Jaketi tupu, pumzi ya kawaida imeshikwa, mtu anyooke wima: maji yamfike usawa wa macho. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo mbili hivi, maana hewa ya mtungi wa kawaida wa alumini ina uzito wa karibu kilo 2.7 na sehemu kubwa itakuwa imetumika mtakapokuwa mnapanda. Waongozaji wengi humwongezea mgeni risasi nyingi ili ashuke haraka na asiwacheleweshe wengine. Kilo nne za ziada zinamlazimu ajaze jaketi chini, hewa hiyo inatanuka akipanda, na mnapata mtu anayeruka juu bila breki.

Hamsini si namba takatifu

"Mkifika 100 niambieni, tukifika 50 tunapanda." Maneno hayo utayasikia kwenye kila mashua kuanzia Kisite hadi Mafia. Wageni wanaitikia kwa kichwa. Hakuna anayeuliza: hamsini kutoka kina gani?

Tupige hesabu. Mtungi wa alumini uliozoeleka una ujazo wa lita 11.1. Tuko mita 30, mwenzako ameishiwa, mnatumia mtungi wako wawili. Mtu mwenye hofu hupumua lita 30 kwa dakika akiwa juu ya maji, wakati mwingine zaidi. Wawili ni 60. Dakika ya kwanza inaishia kwenye kushikana, kupeana regyuleta ya akiba na kutulia: 60 mara baa 4, lita 240. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni karibu dakika 3, kwa wastani wa baa 2.75: lita 495. Kusimama kwa usalama kabla ya kuibuka, dakika 3 kwenye mita 5: lita 270. Kumalizia hadi juu, kama dakika moja: lita 75. Jumla 1,080. Gawanya kwa 11.1.

Baa 97.

Hamsini inayosemwa mashuani ni nusu tu ya hewa hiyo. Kutoka mita 18, hesabu ileile inaleta kama baa 64. Kwa hiyo agizo la 50 lina maana pale tu ambapo 50 ni namba ya kufika juu nayo, yaani mtu awe ameshakanyaga mashua na bado geji inasoma hamsini. Mwongozaji anayejua kazi yake atasema: "Leo tunagusa mita 28, yeyote akifika 110 tunaanza kupanda mwamba." Na mgeni mwenye cheti anayo haki, na pia wajibu, wa kuipiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hajavaa.

Nitaongeza kitu ambacho waongozaji hawapendi kukisikia. Mwongozaji hupumua kidogo. Amezoea, ametulia, mtungi wake unabaki na baa 120 wakati mgeni mwenye mwili mkubwa ana 60. Akiongoza kwa geji yake, anaongoza mbizi ya mtu mmoja. Awaulize wote kwa ishara kila baada ya dakika tano, na ampe kila mmoja nafasi ya kujibu kwa vidole, namba kamili. Ile ishara ya "sawa?" haitoshi, kwa sababu karibu kila mtu huijibu "sawa" bila hata kutazama.

Kichwa kimoja pungufu

Kuna mambo ambayo hata mgeni mwenye mbizi elfu hawezi kuyabeba, kwa sababu yanafanyika akiwa chini ya maji. Kuhesabu ni mojawapo.

Tarehe 25 Januari 1998, mume na mke kutoka Marekani waliachwa kwenye mwamba wa St Crispin, Great Barrier Reef, Australia. Mashua iliondoka. Ilipita siku mbili kabla mtu hajagundua kwamba mizigo yao bado iko chomboni. Hawakupatikana tena. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa huru.

Mwaka 2004, pwani ya kusini mwa Kalifornia, mzamiaji mmoja aliibuka mbali na mashua. Orodha ilionyesha yumo ndani. Mashua ikahamia eneo la pili, na orodha ikaonyesha amezamia huko pia. Aliokotwa siku hiyohiyo na chombo kingine. Mwaka 2010 juri ilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 1.6, huku ikimhesabia naye sehemu ya kosa.

Tarehe 6 Aprili 2022, karibu na Mersing, Malaysia, mkufunzi aliibuka na watu wake watatu na mashua haikuwepo. Mkondo ukawachukua. Kijana wa miaka 14 alifariki. Nahodha alikamatwa, na vipimo vikaonyesha ametumia dawa za kulevya.

Katika kisa hiki cha mwisho mwongozaji alikuwa pamoja nao, majini, akifanya yaliyo yake. Uwajibikaji uliokatika ulikuwa juu, kwenye usukani. Ndiyo maana naona vibaya tunapozungumza kana kwamba kuna watu wawili tu, mgeni na mwongozaji. Nahodha ndiye wa tatu, na mwenye kituo aliyemwajiri ni wa nne.

Kuhesabu vichwa kunakosewa kwa njia zinazojulikana. Mtu anahesabu wakati watu wanatembea. Mmoja yuko chooni. Wawili walioshuka kwa maski na mrija tu wamejichanganya na wenye mitungi. Mtu anamjibia mwenzake, "Yupo, yupo." Dawa yake ni majina. Kila mmoja aitwe kwa jina, aitikie kwa sauti yake mwenyewe, aonekane uso, na alama iwekwe mbele ya jina lake na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo tu. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, hewa iliyobaki. Nahodha asiguse gia kabla hajaonyeshwa karatasi.

Upande wa mgeni, wajibu wake hapa ni mdogo lakini ni wa kwake kabisa: kuonekana. Boya la ishara la rangi ya machungwa, urefu wa mita 1.5 au zaidi, na uzi wenye urefu unaotosha, lijazwe likiwa mita 5, kabla hajaibuka. Filimbi. Kwenye bahari yenye mawimbi ya kusi, kichwa cha mtu kinapotea machoni pa nahodha kwa umbali wa mita mia mbili tu. Na usiazime boya la mwongozaji kimawazo. Mkitengana, yeye ndiye atakayekuwa nalo.

Kijana asiye na ruhusa ya kukataa

Sehemu hii ndiyo iliyonichelewesha kuandika.

Waongozaji wengi wa pwani yetu ni vijana wa hapahapa. Wanaijua bahari kuliko kitabu chochote. Wanajua kwamba siku za bamvua maji yanapwa na kujaa kwa kishindo, tofauti ya karibu mita nne, na kwamba kwenye milango ya Pemba, kama Njao au Fundo, yakianza kutoka hayana huruma. Siku za maji mafu mlango uleule unapitika kwa raha. Wanajua upepo ukigeuka upande gani utulivu utakuwa wapi.

Lakini mwenye kauli ni nani? Kijana analipwa kwa safari. Safari isipokuwepo, hakuna hela. Bakshishi inatoka kwa mgeni aliyefurahi, na mgeni anafurahi akiona kasa na pomboo mahali palepale alipoonyeshwa kwenye picha. Mgeni mmoja mwenye kelele akisema "nimezama dunia nzima, mkondo huu si kitu," na mwenye kituo yuko ofisini anangojea mashua iende, ni nani atakayesimama na kusema leo hatuingii?

Tunamtaka huyu kijana awajibike. Ni sawa. Basi apewe kwanza kile ambacho mtu huwajibikia, yaani uamuzi.

Kwa vitendo inaweza kufanyika hivi. Kituo kiandike kwamba mwongozaji au nahodha, yeyote kati yao, anaweza kuahirisha mbizi, na akiahirisha analipwa siku yake kamili. Mwenye kituo aweke sahihi. Karatasi ibandikwe ukutani, mahali ambapo mgeni anaisoma wakati anajaza fomu yake. Mipaka iandikwe mapema, kwa kila eneo: hapa hatuingii maji yakitoka, hapa wageni wasiozidi wanne kwa mwongozaji mmoja, hapa hapana mtu wa cheti cha awali. Mgeni akibishana, anabishana na karatasi. Kijana hajamvunjia mtu heshima.

Mwongozaji naye, akishapewa nguvu hiyo, hana pa kujificha. Akimpeleka mwenye cheti cha mita 18 kwenye mita 32 kwa sababu mgeni aliomba vizuri, kosa ni lake, hata kama mgeni alirudi akicheka. Bila ajali siku hiyo, kosa lipo vilevile.

Na wewe mgeni: acha kumsukuma. Ukitaka kujua kama kituo kina uti wa mgongo, usiulize kama ni salama, maana jibu ni "ndiyo" siku zote. Uliza: "Mara ya mwisho kuahirisha mbizi ilikuwa lini, na kwa nini?" Wanaofanya kazi vizuri wana jibu mdomoni.

Oksijeni, na daftari

Mtu akipanda haraka mno, au akajisikia ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida saa chache baada ya mbizi, huduma ya kwanza ni oksijeni safi, lita 15 kwa dakika, alale chali, asirudishwe majini. Karibu kila mashua itakuambia ina oksijeni. Mtungi mdogo wa lita 2 uliojazwa baa 200 una lita 400. Kwa lita 15 unaisha kwa dakika 26. Kama safari ya kurudi ufukweni ni saa moja, na kutoka hapo gari mpaka hospitali, mtungi huo umeisha hata nchi kavu hamjaikanyaga. Wa lita 5 unavuka saa moja kidogo. Ombeni kuuona, someni geji, na ulizeni nani ndani ya mashua amefundishwa kuutumia. Ulizeni pia chumba cha tiba ya presha kilicho karibu kiko wapi na kama wiki hiyo kinafanya kazi.

Ndege nayo: saa 12 angalau baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Aliyekata tiketi ya saa nne asubuhi anapaswa kuyajua hayo, na kituo kinachomuuzia mbizi ya jioni ya kuamkia safari kinapaswa kumuuliza kabla hakijapokea pesa.

Limebaki jambo ambalo huku kwetu halijashika mizizi: kuandika yale yaliyokaribia kuwa ajali. Klabu ya wazamiaji ya Uingereza, BSAC, hutoa ripoti ya matukio kila mwaka, na DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, hupokea taarifa za matukio kutoka kwa wazamiaji. Vituo vya pwani yetu vinaweza kuanza na daftari moja kila kimoja, kwa Kiswahili, libaki mashuani, lisomwe kwa pamoja kabla ya kila msimu. Ukurasa mmoja kwa tukio moja: tarehe, eneo, maji yalikuwa yanapwa au yanajaa, kina, wageni wangapi kwa mwongozaji mmoja, nini kilitokea, nini kimebadilishwa tangu siku hiyo. Vifaa vilivyohusika viwekwe kando kama vilivyotoka majini, bila kuoshwa wala kufunguliwa, mpaka mtu anayejua avitazame. Majina ya watu hayahitajiki.